Ukiishuku kompaila: mwongozo kamili wa kuisaka hitilafu yake na kuiripoti

Tuseme unaandika programu ya mizani ya kupokelea kahawa kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja huko Kibosho, juu kidogo ya mji wa Moshi. Mkulima anapandisha gunia, mizani inasoma gramu, programu inazidisha kwa bei, risiti inatoka. Mezani kwako, ukiwa umekompaili kwa -O0, yaani bila uboreshaji, hesabu zimekaa sawa. Unabadilisha kuwa -O2, chaguo linaloiambia kompaila iuboreshe msimbo, ili programu iwe nyepesi, hujagusa mstari mwingine wowote, na malipo yanaanza kutoka hovyo. Hapo ndipo mtu husema: kompaila imeniharibia.

Inawezekana kabisa. Kompaila, inayogeuza msimbo unaouandika kuwa maagizo ya mashine, ni programu kama nyingine, imeandikwa na watu, na ina hitilafu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha matokeo ya Csmith, chombo kinachotunga programu za C kwa kubahatisha na kuzilisha kompaila. Walikuwa wameibua hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zikijulikana, na kila kompaila waliyoijaribu iliwahi kuanguka na pia iliwahi kutoa msimbo mbaya kimyakimya kwa programu iliyo halali.

Pamoja na hayo, shaka nyingi za namna hii huishia kwenye programu ya mwenye shaka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla hujamwandikia mtu yeyote. Nauandika kwa ajili ya wanaotumia kompaila za GCC na Clang kwa C na C++, kwa sababu ndizo zinazobeba vifaa vidogo vingi tunavyounda Moshi na Arusha: vipima unyevu, vidhibiti vya pampu za umwagiliaji, vifuatiliaji vya magari ya watalii.

Kwanza tambua aina ya tatizo

Kuna aina tatu, na kila moja ina njia yake.

Ya kwanza ni kompaila yenyewe kuanguka. Kwenye skrini utaona maneno "internal compiler error", au Clang itamwaga orodha ndefu ya funksheni zake na kukuambia imehifadhi faili kwenye /tmp. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, maana kompaila haipaswi kuanguka hata ukiilisha upuuzi. Msimbo wako uwe mzuri au mbovu, hitilafu ni ya kompaila, isipokuwa mashine yako iwe ndiyo mgonjwa.

Ya pili ni kukataa msimbo halali, au kukubali msimbo usio halali. Hapa hoja ni ya kisheria: unahitaji kuonyesha kanuni rasmi za lugha zinasemaje.

Ya tatu ndiyo ngumu: kompaila inakubali, haionyi, programu inakwenda, na jibu ni baya. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kwa ajili ya hii.

Hatua ya 1: Ganda hapo hapo

Kabla hujajaribu kurekebisha chochote, nakili folda nzima ya mradi pembeni. Usiboreshe mfumo endeshi leo. Usisasishe maktaba. Hitilafu ikipotea katikati ya kazi bila kujua kilichoiondoa, umepoteza ushahidi.

Andika kwenye faili matokeo ya amri hizi:

    gcc -v
    uname -a

Ile ya kwanza haitoi namba ya toleo peke yake. Inaonyesha pia jinsi kompaila yako ilivyosanidiwa ilipojengwa, na watakaopokea ripoti wataihitaji. Kisha pata amri kamili inayokompaili faili lenye shida, na chaguo zake zote. Kwa miradi mingi ya make, `make V=1` itaionyesha; kwa CMake tumia `cmake --build . --verbose`. Kusema "nilitumia -O2" hakutoshi kama kwenye amri hiyo kuna -march=native (tumia maagizo ya prosesa hii hii) au -ffast-math (legeza kanuni za hesabu za desimali) imejificha ndani yake.

Halafu futa matokeo yote ya zamani na ujenge upya kutoka mwanzo, ukiwa umezima ccache (inayohifadhi matokeo ya zamani ya kukompaili) kama unaitumia. Hili lina uzito zaidi kwetu tunaokatikiwa umeme. Umeme ukikatika kompaila ikiwa inaandika, faili la .o, yaani matokeo ya kukompaili faili moja, linaweza kubaki nusu au likawa tupu kabisa, na make ikiona tarehe yake ni mpya hailigusi tena. Ujenzi mpya peke yake huondoa mafumbo mengi.

Hatua ya 2: Ichunguze mashine

Endesha amri ileile mara kadhaa. Hitilafu halisi ya kompaila haihamihami: faili lilelile, mstari uleule, ujumbe uleule. Kama leo inaanguka kwenye faili hili na baada ya dakika kumi kwenye faili lingine, shuku RAM, joto au diski. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye laptopu za mtumba, na kipande cha RAM kilichochoka hujionyesha mapema wakati wa kukompaili kwa sababu kazi hiyo hutumia kumbukumbu nyingi. Iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, ifanye kazi usiku kucha.

Ukiona ujumbe unaosema cc1plus (sehemu ya GCC inayokompaili C++) imeuawa, yaani "Killed", soma `dmesg`, kumbukumbu za Linux. Mara nyingi ni Linux yenyewe imeisimamisha kwa sababu RAM imejaa. Kwenye mashine ya GB 4, kukompaili faili nane za C++ kwa pamoja kunatosha kabisa kuijaza. Punguza hadi `make -j1`, ongeza swap (nafasi ya diski inayotumika kama RAM), jaribu tena. Hiyo si hitilafu ya kuripoti.

Hatua ya 3: Iondolee shaka programu yako

Hapa usiharakishe hata kidogo. Turudi kwenye mizani:

    int malipo(int gramu, int bei)
    {
        if (gramu <= 0 || bei <= 0)
            return -1;
        int jumla = gramu * bei;
        if (jumla < 0)
            return -2;
        return jumla / 1000;
    }

Mwandishi alikuwa makini. Alijua hesabu inaweza kuzidi uwezo wa int, akaweka ulinzi: jumla ikigeuka hasi, kataa. Kwa -O0 ulinzi unafanya kazi. Kwa bei ya shilingi 4,000 na mzigo wa kilo 250, zao ni 1,000,000,000, linaingia. Bei ikipanda hadi 9,000, zao ni 2,250,000,000, wakati int ya biti 32 inaishia 2,147,483,647. Mzigo wowote unaozidi kilo 238 na gramu 609 unavuka mpaka.

Sasa tazama kompaila inavyofikiri. Kanuni za C zinasema kuzidi uwezo kwa namba kamili zenye alama ni tabia isiyofafanuliwa, na kompaila ina ruhusa ya kuamini kwamba jambo hilo halitokei kamwe. Gramu ni zaidi ya sifuri, bei ni zaidi ya sifuri, basi zao haliwezi kuwa hasi. Kama haliwezi kuwa hasi, lile sharti la `jumla < 0` ni la bure, linafutwa. Kitakachotoka baada ya hapo hakina mkataba: pengine namba hasi, pengine hata jibu sahihi kwa bahati, halafu toleo lijalo la kompaila linabadilisha tena. Kompaila haijakosea. Dawa ni kupanua kabla ya kuzidisha, `(int64_t)gramu * bei`, na kuangalia mpaka kabla ya kurudisha jibu.

Kama mizani yako inaendeshwa na chipu ya AVR, ile ya Arduino Uno, hali ni kali zaidi. Huko int ni ya biti 16 na mwisho wake ni 32,767. Gunia la kilo 50 ni gramu 50,000. Haliingii hata kabla ya kuzidishwa. Na ukiupeleka msimbo huo kwenye laptopu kuupima, utapita salama, kwa sababu int ya laptopu ni pana. Tumia int32_t na int64_t popote namba inapohusu fedha au uzito.

Basi pitisha programu yako kwenye vipimo hivi:

    gcc -Wall -Wextra -O2 ...
    gcc -g -fsanitize=undefined,address ...

Soma kila onyo, hasa yale uliyozoea kuyaruka. Chaguo la -fsanitize huweka walinzi ndani ya programu, nao huongea programu inapokwenda. Kwa funksheni yetu ya malipo utaona mstari unaosema "signed integer overflow: 250000 * 9000", pamoja na jina la faili na namba ya mstari. Kwenye kidhibiti kidogo walinzi hawa kwa kawaida hawaingii, hivyo itoe funksheni unayoishuku, iweke kwenye faili dogo, uipime kwenye laptopu.

Kisha jaribu chaguo mbili zinazopima imani za kompaila:

    gcc -O2 -fwrapv ...
    gcc -O2 -fno-strict-aliasing ...

Ya kwanza inaiambia kompaila kwamba namba ikizidi inazunguka. Ya pili inaizuia kudhani kwamba viashiria vya aina tofauti haviwezi kuelekea mahali pamoja kwenye kumbukumbu. Tatizo likipona kwa mojawapo, karibu hakika kosa ni la msimbo wako, na umeshajua ulitafute wapi. Wakaguzi wa GCC huwaomba waripoti wajaribu hizi mapema, kwa hiyo usizipite.

Walinzi kunyamaza si cheti cha usafi. UBSan, yaani -fsanitize=undefined, haioni kosa la viashiria vya aina tofauti, na haioni kusoma kigeu ambacho hakijapewa thamani; kwa hilo la pili tumia -fsanitize=memory ya Clang, au Valgrind. Programu yenye nyuzi nyingi ipitishe kwenye -fsanitize=thread. Na kwa wanaoandika vidhibiti: kigeu kinachobadilishwa na intarapti (ishara inayokatiza programu kwa muda) na kusomwa na kitanzi kikuu kinahitaji angalau `volatile`. Bila hiyo, kompaila kwa -O2 itakisoma mara moja tu, itaishika thamani kwenye rejista, na kitanzi hakitatoka milele. Kati ya malalamiko ninayosikia kwamba "-O2 imevunja Arduino yangu", hili ndilo ninalolishuku kabla ya mengine yote. Asembli uliyoichomeka ndani ya C nayo iangalie vizuri, hasa orodha ya rejista ulizoziharibu.

Desimali zinahitaji neno lake. Kwenye prosesa za zamani za biti 32 za x86, hesabu za desimali hufanyika kwa upana wa biti 80 ndani ya x87, kitengo chao cha desimali, na kukatwa zinapohifadhiwa, kwa hiyo namba mbili unazotarajia ziwe sawa hukataa kuwa sawa. Hitilafu namba 323 ya GCC, iliyofunguliwa mwaka 2000, inahusu jambo hilo, na watu wameendelea kuiripoti upya mara nyingi mno. Siku hizi jambo linalofanana nalo hutokea ukihamia ARM ya biti 64: GCC kwa kawaida huunganisha kuzidisha na kujumlisha kuwa hatua moja, tarakimu ya mwisho ikabadilika. Weka `-ffp-contract=off` ulinganishe. Usiripoti tofauti ya tarakimu ya mwisho kabla hujafanya hivyo.

Hatua ya 4: Linganisha kompaila

Jaribu matoleo mengine, na jaribu kompaila nyingine. Si lazima upakue GB za vifurushi kwa bando lako. Compiler Explorer ya Matt Godbolt, iliyoanza mwaka 2012 na inayopatikana godbolt.org, inakuwezesha kubandika faili dogo kwenye kivinjari na kuliona likikompailiwa na matoleo mengi ya GCC na Clang, hadi lile linaloandikwa leo. Hata kwenye simu inafanya kazi.

Pia mtumie mwenzako aliye na mashine tofauti. Ujumbe mfupi unatosha:

"Kaka, kompaili hii kwa -O2 uniambie inatoa ngapi."
"Kwangu 5. GCC 13, AMD."
"Kwangu 0. GCC 12, Intel, ila nina -march=native. Hebu iweke na wewe."
"Sasa 0 na kwangu."

Kwa mazungumzo hayo mafupi mmeshajua kwamba tatizo linafuata chaguo la -march na si toleo. Moshi na Arusha tuna vijana wa kutosha wa kufanya hivi, kuanzia Chuo cha Ufundi Arusha hadi Taasisi ya Nelson Mandela kule Tengeru, ulizia.

Lakini usilichukulie hili kuwa hukumu. GCC na Clang zikitofautiana, huenda programu yako ina tabia isiyofafanuliwa na kila moja imeitafsiri kivyake. Zikikubaliana, bado zinaweza kuwa zimekosea zote, ingawa ni nadra.

Hatua ya 5: Bana mpaka funksheni moja

Mradi una faili 64. Kompaili zote kwa -O0, jibu ni zuri. Zote kwa -O2, jibu ni baya. Sasa chukua faili 32 kwa -O2 na 32 kwa -O0, uziunganishe. Jibu likiwa baya, mkosaji yuko katika zile 32 za kwanza. Likiwa zuri, angalia za pili. Gawa tena. Baada ya migawanyo sita umebaki na faili moja. Ndani ya faili hilo fanya vilevile kwa funksheni, ukitumia alama hii ya GCC mbele ya funksheni:

    __attribute__((optimize("O0")))

Clang inayo ya kwake, `__attribute__((optnone))`. Ukishaijua funksheni, unaweza kutafuta ni hatua gani ya uboreshaji inayoiharibu. Kwa Clang kuna njia nzuri mno: `-mllvm -opt-bisect-limit=N` inasimamisha uboreshaji baada ya hatua ya N, nawe unabadilisha N kwa kugawa nusu kwa nusu mpaka umepata hatua yenyewe kwa jina. Kwa GCC, orodhesha chaguo kwa `gcc -Q -O2 --help=optimizers` kisha zima moja moja kwa -fno-. Si lazima ufike huko ili uripoti. Ukifika, umempunguzia mtu kazi ya siku nzima.

Hatua ya 6: Punguza

Ripoti yenye mistari 3,000 inaweza kukaa miaka bila kuguswa. Yenye mistari 15 husomwa siku ileile. Hatua hii ndiyo inayoamua hatima ya ripoti yako kuliko nyingine yoyote.

Anza kwa kufanya faili lisitegemee kitu. Ongeza `-save-temps` kwenye amri yako. Utapata faili la .i kwa C au .ii kwa C++, ambamo kila #include imeshafunguliwa. Hakikisha tatizo bado lipo ukilikompaili faili hilo peke yake.

Kisha pepeta, kama mchele kwenye ungo: toa funksheni, kompaili, angalia kama tatizo lipo, likipotea, irudishe, toa nyingine. Badilisha usomaji wa mizani kuwa namba iliyoandikwa. Toa printf zote, mwisho weka:

    if (f(3) != 5)
        __builtin_abort();

Kwa kuwa kazi hii ni ya kurudiarudia, kuna vyombo vinavyoifanya. C-Reduce ilitoka kwa kundi la John Regehr huko Utah, na C-Vise ni ndugu yake iliyoandikwa kwa Python. Unakipa chombo faili na skripti inayojibu swali moja: je, tatizo bado lipo? Kwa kompaila inayoanguka, skripti ni mstari mmoja:

    gcc -O2 -c jaribio.c 2>&1 | grep -q 'internal compiler error: in build_'

Badala ya `build_` weka jina la funksheni lililo kwenye ujumbe wako. Ukiandika "internal compiler error" peke yake, chombo kinaweza kuteleza na kukuletea hitilafu nyingine kabisa.

Kwa jibu baya, skripti inahitaji ukali zaidi. Chombo hakina huruma: kitafuta thamani ya mwanzo ya kigeu, kitafuta `return`, na kukurudishia programu ndogo inayotofautiana kwa sababu imeharibika yenyewe. Kizuie hivi:

    #!/bin/sh
    gcc -Wall -Wextra -O1 -c jaribio.c 2> onyo.txt || exit 1
    grep -q -e uninitialized -e return-type onyo.txt && exit 1
    clang -fsanitize=undefined,address -fno-sanitize-recover=all jaribio.c -o salama || exit 1
    timeout 5 ./salama > a.txt 2>&1 || exit 1
    gcc -O0 jaribio.c -o polepole || exit 1
    timeout 5 ./polepole > b.txt || exit 1
    gcc -O2 jaribio.c -o haraka || exit 1
    timeout 5 ./haraka > c.txt
    cmp -s a.txt b.txt || exit 1
    ! cmp -s b.txt c.txt

Hapa programu bado ichapishe jibu lake. __builtin_abort utaiweka mwishoni kwa mkono. Skripti inadai mambo matatu: maonyo ya hatari yasiwepo, walinzi wa Clang wanyamaze na jibu lao lifanane na la -O0, na -O2 pekee ndiyo itofautiane. Ipe ruhusa ya kuendeshwa, kisha `cvise ./jaribu.sh jaribio.c`. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Umeme ukikatika usihofu sana: chombo huandika maendeleo yake kwenye faili lenyewe, hivyo unaanzia lilipofikia. Nakala ya asili iweke mahali pengine.

Ukimaliza, lisome faili dogo kwa macho yako, mstari kwa mstari, ukijiuliza kila mmoja kama kanuni za C zinaukubali. Mara nyingi ni hapa ambapo mtu huliona kosa lililokuwa kwenye programu yake tangu mwanzo, maana sasa halina pa kujificha.

Jambo moja zaidi kabla hujalitoa nje. Ripoti ni za hadharani na hazifutiki kirahisi. Faili la .i hubeba njia za folda zako, jina lako la mtumiaji, maelezo ya mwajiri, hata vichwa vya faili vya kiwanda ambavyo leseni yake haikuruhusu kuvisambaza. Majina na namba za simu za wakulima zisikaribie kabisa. Kupunguza vizuri huondoa karibu yote hayo, lakini thibitisha.

Hatua ya 7: Tafuta kama imesharipotiwa, na toleo gani linahudumiwa

Tafuta kwenye Bugzilla ya GCC (tovuti yake ya ripoti za hitilafu) au orodha ya LLVM, mradi unaotengeneza Clang, iliyo GitHub, ambako LLVM ilihamishia ripoti zake Desemba 2021. Kwa kuanguka, tafuta jina la funksheni lililo kwenye ujumbe. Kwa jibu baya, tafuta kwa neno wrong-code pamoja na hatua uliyoibaini. Ukiikuta imesharipotiwa na faili lako linaonyesha kitu kipya, liongeze pale pale. Kuandika "na mimi pia" hakusaidii mtu.

Angalia pia umri wa kompaila yako. Arduino kwa bodi za AVR huja na GCC 7.3, toleo la mwaka 2018. Tawi la GCC 7 lilifungwa 2019. Ukiripoti kwa toleo hilo tu utaambiwa ujaribu jipya. Thibitisha kwanza kwamba tatizo lipo kwenye toleo linalohudumiwa. Kama lipo kwenye kompaila ya Ubuntu au ya mtengenezaji wa chipu pekee, na ile ya asili haina shida, ripoti inakwenda kwa Ubuntu au kwa mtengenezaji huyo.

Hatua ya 8: Andika ripoti

Kwa GCC huenda ukatakiwa kuomba akaunti kwa barua pepe, kwa hiyo iombe mapema. Lugha ya huko ni Kiingereza. Hilo lisikuzuie: sentensi fupi tano zinatosha, kwa sababu kinachoongea ni faili.

Kichwa kiseme kinachotokea na mahali: jibu baya kwa -O2 wakati kitanzi kinapogeuzwa kuwa vekta, x86-64, tangu GCC 12. Kichwa kama "GCC imeharibika, msaada wa haraka" hakimwambii mtu kitu.

Ndani weka toleo na matokeo kamili ya `gcc -v`, mfumo wako, amri nzima, faili dogo, kilichotarajiwa, kilichotokea. Taja ulichokwisha kukipima: walinzi wamenyamaza, -fwrapv na -fno-strict-aliasing hazibadilishi kitu, Clang inatoa jibu sahihi. Taja toleo la mwisho lililokuwa zima kama unalijua. Hitilafu iliyoingia karibuni hupewa kipaumbele kuliko iliyokuwepo siku zote. Faili likiwa fupi libandike, likiwa kubwa libane na kuliambatisha. Usitume picha ya skrini, usitume programu iliyokwisha kukompailiwa, usitume faili la C lenye #include za maktaba ambazo msomaji hana. Kwa kompaila iliyoanguka, GCC ina chaguo la `-freport-bug` linalokusanya vitu hivi, na Clang inakuandalia faili mbili kwenye /tmp, la msimbo na la amri. Ambatisha zote mbili.

Usibashiri sana chanzo ndani ya msimbo wa kompaila. Eleza ulichokiona, na kama una dhana iweke mwishoni kama dhana.

Baada ya kutuma

Majibu ya wakaguzi huwa mafupi, wakati mwingine mstari mmoja. Usiyachukulie kama dharau. Wanashughulikia ripoti nyingi. Kwenye Bugzilla ya GCC ripoti huanza ikiwa UNCONFIRMED, ikithibitishwa inakuwa NEW. WAITING maana yake wanakusubiri wewe, jibu upesi. DUPLICATE ina kiungo cha ripoti ya zamani, jiunge nayo. INVALID huja na sababu, mara nyingi kipengele cha kanuni za lugha. Kisome kipengele hicho, kisha rudi kwenye programu yako utafute mahali pengine ulikofanya vilevile.

Wakati unasubiri, mizani ya Kibosho bado inahitaji kupima. Kompaili lile faili moja kwa -O1, au iwekee funksheni moja alama ya kuzuia uboreshaji. Usishushe mradi mzima. Juu ya mstari huo andika namba ya ripoti, ili atakayekuja baada yako asiufute akidhani ni mabaki. Kisha chukua lile faili dogo la mistari 15 uliweke kwenye majaribio ya mradi wako, liendeshwe kila unapojenga. Siku utakapoweka kompaila mpya, jaribio hilo ndilo litakalokuambia kama rekebisho limekufikia kweli. Likipita, toa kizuizi, jenga kwa -O2, upime tena kwenye kifaa chenyewe kwa mzigo wa kilo 250.